Mchoro wa Mchakato na Mtahiniwa wa Mwambao wa Muhuta

Katika mtihani wa IELTS, ule wa wanaotaka kwenda chuo kikuu, kuna swali ambalo halitaki kujua mtahiniwa ana maoni gani juu ya jambo lolote. Anawekewa mchoro: mishale, vyombo, mashine, pengine yai linalogeuka kiwavi na kiwavi anayegeuka nondo. Anatakiwa aeleze kwa Kiingereza, kwa maneno yasiyopungua 150 na kwa dakika zipatazo 20, kitu kilichochorwa kinaanzia wapi, kinapitia wapi na kinaishia wapi. Hatakiwi kusifu, kulaumu wala kushauri. Swali hilo la kwanza la kuandika huwa mara nyingi ni grafu au jedwali, na mchoro wa mchakato huja mara chache. Kwa sababu huja mara chache, hufanyiwa mazoezi kidogo, na siku unapotokea huwakuta wengi mikono mitupu.

Hoja yangu ni kwamba kijana aliyekulia mwambao wa Muhuta na Rumonge hana sababu ya kuliogopa swali hili. Mchakato ameuona kwa macho tangu utotoni. Kinachomwangusha, zaidi ya uchache wa Kiingereza chake, ni namna alivyofundishwa kuandika.

Muhuta ni komini iliyobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara ya taifa nambari 3 inayofuata maji hadi Rumonge na Nyanza-Lac. Ilikuwa sehemu ya Bujumbura Vijijini mpaka mwaka 2015, ilipounganishwa na Bugarama, Burambi, Buyengero na Rumonge kuunda mkoa wa Rumonge, kabla ya mikoa ya Burundi kupunguzwa na kuwa mitano mwaka 2025. Watu wake huongea Kirundi nyumbani. Kiswahili ni lugha ya soko na ya ziwa, lugha ya kuuziana na watu wa Kigoma, Uvira na Kalemie. Kifaransa ni cha darasani, hasa kuanzia mwaka wa tano wa shule ya msingi. Kiingereza huja mwisho katika mstari huo, ingawa Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na sheria ya mwaka 2014 ikakiweka miongoni mwa lugha rasmi, pamoja na Kirundi na Kifaransa.

Tena hawa wanaoitwa watahiniwa wa Burundi hawakutoka chungu kimoja. Machafuko ya mwaka 1972 yaliwasukuma watu wengi wa mwambao huu kuvuka kwenda Tanzania. Watoto waliozaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, na familia zao ziliporejea Rumonge na Nyanza-Lac walikuta Kifaransa kinawasubiri mlangoni mwa darasa. Leo kwenye meza moja ya mazoezi anaweza kukaa kijana aliyelelewa na sarufi ya Kifaransa na mwingine aliyelelewa na insha za Kitanzania. Wanafanya makosa tofauti, na mwalimu anayewapa dawa moja anawaonea wote wawili.

Tuanze na kile swali linachopima. IELTS yenyewe ilianza mwaka 1989, ikirithi mtihani wa Uingereza ulioitwa ELTS uliokuwapo tangu mwaka 1980. Hapo mwanzo watahiniwa waligawanywa kwa fani: wa sayansi na teknolojia kando, wa udaktari na viumbe kando, wa sanaa na jamii kando. Mgawanyo huo uliondolewa mwaka 1995. Tangu hapo mwanasheria na muuguzi hupewa karatasi ya namna moja, na mwanasheria anaweza kabisa kukutana na utengenezaji wa saruji. Hili huwatisha watu bure. Kwa kuwa watahiniwa wote hupewa mchoro wa namna moja, watunzi hawawezi kudai ujuzi wa fani yoyote, na kila kinachohitajika lazima kiwe kwenye karatasi. Majina ya vitu yameandikwa pale pale. Mshale unaonyesha njia. Mtahiniwa anayesema alishindwa kwa kuwa hajawahi kuona kiwanda cha saruji hajalielewa swali.

Usahihishaji una vigezo vinne vyenye uzito sawa: kutimiza kazi iliyotolewa, mtiririko na mshikamano wa maandishi, utajiri wa msamiati, na sarufi kwa upana na usahihi wake. Swali hili hubeba theluthi ya alama za kuandika, na insha inayofuata hubeba theluthi mbili. Mpaka unaowahusu wengi upo katika kigezo cha kwanza. Aliyeorodhesha hatua moja baada ya nyingine, bila sehemu yoyote inayomwonyesha msomaji sura nzima ya mchakato, hubaki kwenye daraja la 5. Aliyetoa muhtasari wa jumla hupanda hadi la 6, na muhtasari ukiwa wazi, wenye hatua kuu, unaweza kumfikisha la 7. Vyuo vingi vya Uingereza hudai 6.5 kwa masomo ya uzamili. Maana yake ni kwamba sentensi mbili au tatu za muhtasari zinaweza kuamua kama kijana wa Muhuta atapanda ndege au atabaki. Sentensi hizo hazidai Kiingereza kigumu. Zinadai mtu asimame mbali kidogo na mchoro, auone wote kwa pamoja, kabla hajaanza kuufuata kwa kidole.

Chukua mawese, kwa kuwa Rumonge ndiko moyo wa michikichi ya Burundi. Kila mtoto wa huku ameona kazi hii, lakini ni wachache waliowahi kuambiwa waieleze. Mkungu hukatwa mtini na kuachwa siku chache ili ngazi, yaani matunda yake, zilegee, kisha ngazi huchambuliwa na kuchemshwa katika pipa. Zikishaiva hupondwa na kukamuliwa, kwa nguvu za mikono au kwa mashine. Hapo mchakato hugawanyika. Mafuta ghafi huchemshwa tena pamoja na maji ili uchafu utuame na mafuta yapande juu, yakaenguliwa na kujazwa kwenye madumu. Kokwa zilizobaki huanikwa, huvunjwa, na kiini chake hukamuliwa mafuta ya pili, ambayo sehemu kubwa huishia kwenye sabuni. Nazo nyuzi na maganda hurudishwa jikoni kuwasha moto wa pipa la kesho.

Kazi hii ya kila siku, kama ikichorwa, ina maumbo matatu yote ambayo mtihani unaweza kuleta. Ina mstari, toka mtini hadi kwenye dumu. Ina njia panda, pale kokwa inapoachana na mafuta. Na ina mzunguko, pale nyuzi zinaporudi motoni. Mtahiniwa dhaifu ataandika kwamba kwanza mkungu hukatwa, pili huachwa, tatu huchambuliwa, nne huchemshwa, mpaka dakika zimwishie. Mtahiniwa aliyejifunza kutazama ataanza na maneno ya namna hii: kwa jumla, tunda la mchikichi hupitia hatua kuu nne, yaani kuvunwa, kuchemshwa, kukamuliwa na kusafishwa, kutokana na tunda hilo moja hupatikana mafuta ya aina mbili, na mabaki yake hutumika tena kama kuni. Mtu asiyewahi kufika Rumonge, akisoma maneno hayo tu, ameshajua kazi ya mawese ikoje. Hicho ndicho msahihishaji anachokitafuta, na kinaweza kufikiriwa kwa Kiswahili au kwa Kirundi kabla neno moja la Kiingereza halijaandikwa.

Sasa lugha yenyewe. Mchakato hauna mtendaji anayejulikana. Haitujalishi ni nani aliyekata mkungu, tunachojali ni mkungu uliokatwa. Kiingereza hulieleza jambo hilo kwa kauli ya kutendwa katika wakati uliopo wa mazoea: "the fruit is boiled". Kiswahili kimejaaliwa chombo kamili cha kazi hiyo: ngazi huchemshwa. Kiambishi hu- kinasema kwamba jambo hili ni la siku zote, na -wa inamficha mtendaji. Kijana anayesema kila siku kwamba ndagala, wale dagaa wa Tanganyika, huanikwa mchangani anayo tayari akili ya sentensi inayotakiwa. Hata hivyo, akifika kwenye karatasi huandika "we boil the fruit". Huyu "sisi" ametoka wapi? Kwa sehemu kubwa ametoka kwenye Kifaransa cha darasani, ambacho hupenda kueleza kazi kwa mtu asiyetajwa, "on", na mwanafunzi akikosa neno la kulinganisha naye hukimbilia "we" au "they". Dawa ya mwanafunzi huyu ni kukumbushwa Kiswahili chake mwenyewe. Akianza na "huchemshwa", Kiingereza sahihi kipo hatua moja tu mbele yake.

Kijana wa pili, yule wa insha za Kitanzania, ana ugonjwa mwingine. Insha aliyozoea ni ya masimulizi, na masimulizi yetu huenda kwa -ka-: akaukata, akauacha, akauchemsha. Akihamisha mdundo huo kwenye Kiingereza, mchakato mzima hugeuka hadithi ya jana, yenye vitenzi vya wakati uliopita. Mwenye kusoma haelewi tena kama hivi ndivyo mawese yanavyotengenezwa siku zote au ni tukio la siku moja.

Kuna kosa lisiloonekana kwa urahisi, na kwa maoni yangu ndilo linalowagharimu zaidi watu wanaofikiri kwa lugha za Kibantu. Ukisema kwa Kiswahili kwamba mafuta humwagwa katika chungu chenye maji, yakachemshwa, kikaepuliwa, hakuna anayepotea: "ya-" ni mafuta, "ki-" ni chungu. Ngeli zinatulindia maana bila sisi kujua. Kirundi hufanya vivyo hivyo. Kiingereza kina "it" moja tu kwa mafuta, kwa chungu, kwa maji na kwa moto. Mtahiniwa anayeandika "it is boiled, then it is removed, then it is filtered" anaona kichwani mwake vitu vitatu tofauti, na msahihishaji haoni hata kimoja. Alama za mtiririko na mshikamano hupotea hapo, ingawa kila sentensi, ukiitazama peke yake, ni sahihi. Tiba yake ni nyepesi lakini hudai mazoezi mengi: rudia jina la kitu, au lipe jina jipya kulingana na hali yake. Ngazi zikishapondwa si ngazi tena, ni rojo. Rojo likikamuliwa linakuwa mafuta ghafi, na mafuta ghafi yakichujwa ni mafuta safi. Kitu kinachobadilika kikibadilishiwa jina kila hatua, msomaji hukifuata bila taabu, na msamiati wa mwandishi huonekana mpana bila kulazimishwa.

Vipo vijidudu vingine, kama vile "a" na "the" ambazo lugha zetu hazina, na ambazo Kifaransa huzitumia kwa desturi tofauti na Kiingereza. Vijidudu hivyo hudai kusoma sana na muda mrefu, na havimwangushi mtu peke yake.

Mchoro ukiwa wa mzunguko wa maumbile, shida huwa nyingine: uanzie wapi? Ziwa lenyewe ni mfano mzuri. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini. Upande wa kusini maji ya chini yenye rutuba hupanda, na upepo ukitulia ziwa hubembea ndani kwa ndani, likiinua rutuba hiyo sehemu nyingine pia. Mwani huota, vidudu vya majini huula, ndagala huvila vidudu, samaki aitwaye mukeke humla ndagala, na mizoga na mabaki huzama tena chini kuwa rutuba. Mzunguko kama huu hauna mwanzo, kwa hiyo mtahiniwa lazima achague mlango, aseme wazi kwamba ameanzia hapo, na amalizie kwa kuonyesha jinsi mwisho unavyorudi kwenye mwanzo. Asiyesema hivyo huandika mstari mahali palipochorwa duara, na hilo ni kosa la kutoona.

Hapa kuna mtego kwa mtu wa mwambao. Yeye analijua ziwa kuliko mchoro. Anajua kwamba usiku wa mbalamwezi taa za wavuvi hazivuti ndagala, ndiyo maana mitumbwi hupumzika mwezi ukiwa mpevu. Pengine amesoma kwamba tafiti zilizochapishwa mwaka 2003 ziligundua kuwa ongezeko la joto linapunguza kuchanganyika kwa maji ya juu na ya chini, na hivyo kupunguza chakula cha samaki. Ameona mwenyewe kitoweo kikipanda bei. Kalamu inamwasha. Lakini kama mchoro haukuonyesha hayo, akiyaandika anatoka nje ya swali. Mazoea ya shule yanamchochea zaidi, maana insha ya mtindo wa Kifaransa haikamiliki bila hitimisho lenye msimamo. Katika swali hili hakuna hitimisho la namna hiyo. Muhtasari unatosha, na mahali pake pazuri ni mwanzoni, mara baada ya sentensi ya utangulizi.

Kwa mtu anayejali jambo lake, nidhamu hiyo ina uchungu. Mimi naiona ya thamani. Kusema kilichopo mbele yako kwanza, kikamilifu, kabla ya kusema unachokifikiri juu yake, ndiyo kazi ya mwandishi wa ripoti ya maabara, wa sehemu ya mbinu katika tasnifu, wa maelezo ya bidhaa anayoipeleka mtu ng'ambo. Maoni yana mahali pake, nalo ni swali la pili.

Mchoro wa matofali, ambao umezunguka miaka mingi katika madarasa ya maandalizi, unaonyesha jinsi ya kushika takwimu. Udongo wa mfinyanzi huchimbwa kwa mashine, hupitishwa kwenye chekeche la chuma, huchanganywa na mchanga na maji, kisha hupewa umbo kwa kalibu au kwa kukatwa na waya. Matofali hukaushwa kwa saa 24 hadi 48, huchomwa katika tanuri kwa moto wa wastani kati ya nyuzi 200 na 980, halafu kwa moto mkali kati ya 870 na 1,300, hupoozwa kwa saa 48 hadi 72, hufungashwa na kusafirishwa. Mrundi yeyote aliyepita kando ya bonde lenye tanuri la matofali anaijua kazi hii: udongo, kalibu, jua, kuni. Tofauti ni mashine na vipimo. Mtahiniwa mzuri hazitupi namba zote kwenye sentensi moja. Anaona kwamba mchakato una vipindi vitatu, yaani kuandaa udongo, kukausha na kuchoma, kisha kupooza na kupeleka sokoni, na anazigawa namba kwa vipindi hivyo. Aya zake hupata mpango wenyewe.

Lebo za mchoro nazo zina kazi. Mara nyingi ni majina, mathalani ukaushaji, upoozaji, ufungashaji, na mtahiniwa hutakiwa kuyageuza vitenzi: hukaushwa, hupoozwa, hufungashwa. Anayenakili lebo jinsi zilivyo hapati sifa ya msamiati, na maneno aliyoyanakili neno kwa neno kutoka kwenye swali hayahesabiwi katika zile 150. Mtu anayeongea Kiswahili amezaliwa na uwezo wa kugeuza jina kuwa kitenzi na kitenzi kuwa jina. Kinachokosekana ni mwalimu wa kumwonyesha kwamba uwezo huo huo ndio unaodaiwa kwa Kiingereza.

Badala ya hayo, vijana huuziwa sentensi za kukariri. Huambiwa waanze kila aya kwa maneno fulani, wapange "firstly, secondly, thirdly, finally" kama uzi wa shanga, na wafunge kwa kauli inayofaa mchoro wowote duniani. Wasahihishaji wamefunzwa kuzitambua kauli za namna hiyo, na miongozo yao hutaja wazi viunganishi vinavyotumika kimashine kuwa dalili ya daraja la chini. Ninalichukia jambo hili kwa sababu linawaumiza wasio na fedha za kurudia mtihani. Mtoto wa mvuvi anajinyima, analipa, anakariri, kisha anaandika maneno ambayo hayana uhusiano na mishale iliyo mbele yake.

Je, swali lenyewe ni la haki? Wapo wanaosema linawapendelea waliokulia na viwanda na vitabu vya picha. Kuna ukweli kidogo hapo: kusoma mshale ni ujuzi wa shule, na mahali ambapo mchoro wa sayansi hunakiliwa ubaoni bila kuelezwa, ujuzi huo hauji. Lakini nikilinganisha na insha ya swali la pili, ambayo hutaka uwe na hoja tayari juu ya mambo ambayo pengine hayajawahi kujadiliwa kijijini kwako, naona mchoro ndilo swali la haki kuliko yote katika karatasi ile. Linakupa msamiati, linakupa mpangilio, halijali umetoka wapi wala umesoma magazeti gani. Linauliza tu kama unaweza kutazama na kusema.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu wa Kiingereza wa Muhuta na Rumonge ni hili. Wapelekeni wanafunzi kwenye kikamulio cha mawese kilicho karibu na shule, au kwenye vichanja vya ndagala asubuhi boti zinapotoka ziwani. Wachore mishale wenyewe. Waandike muhtasari wa sentensi mbili kwa Kiswahili au kwa Kirundi, wasomeane, na mwenzao aseme kama ameuona mchakato wote au la. Kiingereza kije baada ya hapo, siku hiyo hiyo, kauli zikiwa bado mdomoni. Kazi hiyo haihitaji kitabu cha kununua wala mtandao, inahitaji asubuhi moja na daftari.